Mzee Mmoja, Tiba Mbili: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Dawa za Asili na Dawa za Hospitali kwa Wazee wa Unguja na Pemba

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mzee mwenye presha au kisukari hatibiwi na mtu mmoja. Kuna daktari wa kliniki anayempa vidonge vya mwezi mzima, kuna mtabibu wa kijijini anayempa mizizi ya kuchemsha kwa ajili ya magoti, kuna maalim anayemsomea, kuna mkwe anayemchua mgongo kila jioni, na mara nyingi kuna jamaa aliyerudi Umra na chupa ya mafuta ya habasoda. Wote hawa wanamtakia kheri. Tatizo ni kwamba hawajuani, na hakuna hata mmoja wao anayejua yote yanayoingia katika mwili wa mzee huyo. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya madhara wanayoyapata wazee wetu inatokana na kufichana huku kuliko ubaya wa mti fulani au kidonge fulani, na ndiyo maana kila hatua katika mwongozo huu inarudi kwenye jambo moja: kila anayemtibu mzee ajue wenzake wanampa nini.

Mwongozo umeandikwa kwa ajili ya mtoto, mjukuu au mkwe anayemuuguza mzee nyumbani. Haukusudii kumnyang'anya mzee tiba alizokulia nazo, kwani baadhi yake zina manufaa ya kweli na nyingine humpa utulivu usiopatikana katika kidonge. Wala haukusudii kuchukua nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wenu.

Kwa nini mzee aangaliwe tofauti na kijana

Figo na ini hupunguza kasi ya kazi kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo dawa, iwe ya chupa au ya mizizi, hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu zaidi kuliko kwa kijana. Maji ya mwili hupungua na hamu ya kunywa maji hupungua pamoja nayo, hivyo dawa ya kusafisha tumbo kwa kuharisha ambayo mtoto wake wa miaka 40 aliinywa na kurudi shamba siku ya pili inaweza kumwangusha mama yake chooni usiku huo huo. Zaidi ya hayo, mzee hunywa dawa nyingi kwa pamoja, na kila inapoongezwa moja, uwezekano wa mbili kugombana unaongezeka. Anaposema mtu kwamba "hii ni majani tu, haina madhara", anasahau kwamba majani yenye nguvu ya kushusha sukari yana nguvu pia ya kuishusha kupita kiasi.

Hatua ya kwanza: andika kila kitu katika daftari moja

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayohitaji subira. Tenga asubuhi moja ambayo mzee ametulia, amekwisha kunywa chai, na hakuna wageni barazani. Usianze kwa kupekua chumba chake. Anza kwa salamu, eleza unachotaka kufanya na kwa nini, kisha umwombe yeye mwenyewe azitoe dawa zake. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi. Leo nataka tuziandike dawa zako zote, za hospitali ya Chake na za hapa nyumbani, nisije nikakupa mbili zinazogombana."

"Marahaba mjukuu wangu. Na ile ya mizizi je? Si utaniambia niitupe?"

"Sikuja kukukataza, bibi. Nataka nijue tu unainywa lini na unainywa vipi."

Jibu hilo la mwisho linafungua mlango ambao karipio moja tu lingeufunga kwa miaka. Mzee aliyewahi kufokewa kliniki kwa sababu ya dawa za miti shamba hujifunza kunyamaza, na atakaponyamaza hata daktari hodari atakuwa anapapasa gizani.

Mtandikieni mkeka na muweke juu yake kila kinachotoka: pakiti za vidonge zilizokatwa nusu, chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa maji ya rangi ya udongo na isiyo na jina, unga uliofungwa katika karatasi ya daftari la skuli, kopo la dawa ya kuchua, kipande cha gome, chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Kwa kila kimoja andika mambo haya: jina kama mzee anavyolitaja, nani aliyempa, kwa ajili ya maradhi gani, kiasi gani kwa wakati mmoja, mara ngapi kwa siku, tangu lini, na njia inayotumika, yaani kunywa, kulamba, kupaka, kuogea, kujifukiza au kuchanjwa. Kisha uliza vile ambavyo watu hawavihesabu kuwa ni dawa: chai ya tangawizi au mchaichai, kijiko cha habasoda na asali alfajiri, maji ya choya, kitunguu thomu kibichi, madafu, na vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani bila cheti. Hivi vya mwisho, hasa diklofenaki na ndugu zake, ni hatari kwa figo na tumbo la mzee kuliko miti mingi inayosemwa vibaya, na hupandisha presha pia. Visikose katika orodha.

Usikubali kuandika "dawa ya miguu" na kuendelea. Omba kuuona mmea wenyewe au jani lake, kwa sababu jina moja hutumika kwa miti tofauti kutoka Makunduchi hadi Micheweni, na daktari au mfamasia hawezi kukushauri juu ya kitu asichojua ni nini.

Hatua ya pili: pata vipimo vya mwanzo

Kabla ya kuongeza au kupunguza chochote, jueni mzee yuko wapi. Vinavyohitajika ni uzito, presha, sukari ya damu kabla ya kula, wingi wa damu, na kipimo cha kazi ya figo. Presha ipimwe akiwa amekaa, kisha ipimwe tena baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Ikiwa namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi anaposimama, mzee huyo yumo katika hatari ya kuanguka, na si wa kuongezewa kitu chochote cha kushusha presha, hata kiwe ni choya. Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani wanaweza kuwaelekeza ni kituo gani cha karibu chenye vipimo hivi. Tarehe na majibu yaandikwe katika daftari lile lile.

Hatua ya tatu: pambanua kinachoendelea, kinachosubiri na kinachohitaji daktari leo

Hapa ndipo palipo na mambo mengi, na msomaji avumilie.

Anza na dawa za kuzuia damu isigande. Mzee anayetumia warfarini, au aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi, asitumie kitunguu thomu, tangawizi, manjano au mafuta ya karafuu kwa kiwango cha dawa bila daktari kujua, kwa sababu vyote hivi vinaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu. Kiasi kinachotiwa katika mchuzi au pilau hakina neno. Kinachozungumzwa hapa ni vijiko vya unga, vidonge vya dukani na punje kadhaa mbichi kila asubuhi. Mboga za majani ya kijani, yakiwemo majani ya mlonge, zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, hivyo aendelee kula mboga kwa kiasi kile kile kila wiki badala ya kula sana wiki hii na kuacha ijayo, na asianze unga wa mlonge bila kupimwa damu.

Kisukari kina mtego wake. Uwatu, karela, mlonge, mwarobaini na habasoda vyote vinaweza kushusha sukari. Mzee anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, akiongeza kimoja kati ya hivyo, sukari inaweza kuteremka mno, na glibenklamidi ina tabia ya kukaa mwilini muda mrefu kwa mzee mwenye figo dhaifu, kwa hiyo hali hiyo inaweza kurudi hata baada ya kupewa chai ya sukari. Dalili zake ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, na kwa wazee wengi kuchanganyikiwa tu au kulala usingizi usio wa kawaida. Nyumba yenye mzee wa aina hii iwe na kipimo cha sukari kama uwezo upo. Sukari ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) apewe maji ya sukari au asali endapo anaweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale, na apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Na jambo la kulisisitiza: hakuna jani linalochukua nafasi ya insulini.

Kwa presha, choya na kitunguu thomu huishusha kidogo, na kwa mzee ambaye vipimo vyake havijatulia vizuri hilo linaweza kuwa la manufaa ikiwa daktari anajua na presha inapimwa. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kuacha vidonge kwa sababu presha imekuwa nzuri. Imekuwa nzuri kwa kuwa vidonge vinanywewa. Balungi nalo, tunda linalopendwa sana kwetu, huzuia mwili usiivunje baadhi ya dawa, zikiwemo nifedipini ya presha na simvastatini ya mafuta ya damu, zikarundikana hadi kufikia kiwango cha madhara. Mzee anayezitumia aliache, ale chungwa.

Urukususu, ile mizizi mitamu itumiwayo kwa kikohozi na kifua, hupandisha presha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini ikitumiwa kwa siku nyingi. Sanamaki na shubiri, zinazonywewa kusafisha tumbo, nazo hupoteza potasiamu na maji. Mzee anayetumia furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, tayari anapoteza potasiamu kwa njia ya mkojo, na akitumia pia digoksini ya moyo, upungufu huo unaweza kuuvuruga mpigo wa moyo wake kwa kiasi cha kumuua. Kama choo kimefunga, tatizo la kawaida kwa wazee, anzeni na maji ya kutosha, mapapai, mboga na matembezi, kisha dawa laini ya hospitali. Sanamaki ibaki kuwa kitu cha siku moja au mbili, na isitumike kabisa kwa mwenye maradhi ya moyo au figo.

Madafu ni kinyume chake. Yana potasiamu nyingi, na kwa mzee mwenye afya ni kinywaji chema. Lakini kwa mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha na moyo kama losartani, lisinopurili au spironolaktoni, madafu kadhaa kila siku yanaweza kupandisha potasiamu hadi kiwango cha hatari bila dalili yoyote ya mapema. Muulizeni daktari kiasi kinachomfaa, kwa sababu swali hili haliulizwi kliniki, na daktari hawezi kukisia kwamba mna minazi uani.

Vinavyoweza kuendelea bila wasiwasi kwa wazee wengi ni chai nyepesi ya tangawizi, mchaichai au mrehani, viungo vya chakula kwa kiasi cha chakula, mafuta ya nazi ya kupaka, na asali kidogo kwa asiye na kisukari.

Kuna kundi moja linalohitaji tahadhari ya pekee: unga au vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kuwa ni "asili tupu", vinavyodaiwa kuponya magoti, mgongo, pumu, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja. Dawa za namna hii zimegunduliwa mara nyingi katika nchi mbalimbali kuwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali kama deksamethasoni, diklofenaki au sildenafili. Maumivu yanayoondoka usiku mmoja baada ya kusumbua kwa miaka, uso unaovimba na kuwa wa duara, hamu ya kula inayozidi ghafla, sukari na presha zinazopanda bila sababu, na michubuko inayotokea kwa kuguswa tu, ni ishara za deksamethasoni au mfano wake. Ikiwa mzee ametumia dawa ya namna hiyo kwa wiki kadhaa, msiikatishe ghafla nyumbani, kwa sababu mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe na kuikatisha kunaweza kumzimisha mgonjwa. Mpelekeni hospitali pamoja na dawa yenyewe, na mwacheni daktari aipunguze kwa utaratibu. Inatia uchungu kuona pensheni jamii, ambayo mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee waliofikia miaka 70, ikimalizikia katika vikopo hivi.

Hatua ya nne: mpelekee daktari na mtabibu orodha ile ile

Siku ya kliniki chukueni daftari pamoja na dawa zenyewe katika mfuko mmoja. Mlezi aseme mwanzoni kabisa, kabla ya kuandikiwa chochote: "Daktari, mama anatumia na dawa hizi za miti shamba, naomba tuziangalie pamoja." Kisha aulize maswali matatu: ipi kati ya hizi inagongana na dawa zake, ipi inaweza kumdhuru figo au ini, na kuna kidonge gani ambacho hakihitajiki tena. Swali la mwisho lina uzito wake, maana wazee wengi wanaendelea kunywa dawa walizoandikiwa miaka mingi iliyopita kwa tatizo lililokwisha. Akitokea mhudumu akafoka, mlezi asibishane naye. Arejee kwa adabu kwamba familia inataka ushauri, na kama hapati, aulize kwa mfamasia au kituo kingine.

Mtabibu wa asili naye apewe heshima hiyo hiyo. Mwelezeni maradhi ya mzee kwa majina yake, mwonesheni vidonge, na mumuulize dawa yake ina miti gani na sehemu gani ya mti. Zanzibar ina sheria na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watabibu, hivyo kumuuliza mtu kama amesajiliwa si kumvunjia heshima. Mtabibu mwema hukubali kuulizwa, hutaja mti wake, na hukiri maradhi yaliyo nje ya uwezo wake. Anayesema "acha dawa za hospitali kwanza, ndipo hii ifanye kazi" asirejewe tena.

Hatua ya tano: kitu kipya kianzwe peke yake

Mkikubaliana kuanza dawa mpya, ya upande wowote, anzeni moja tu, kwa kiasi kidogo, na msiongeze nyingine kabla ya wiki mbili kupita. Mkianza mbili kwa pamoja na mzee akaharisha au akapata vipele, hamtajua ilaumiwe ipi. Pimeni presha au sukari mara nyingi zaidi katika kipindi hicho. Dawa ya mti inyweke mbali na vidonge kwa saa mbili hivi, hasa uwatu, ambao ute wake unaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri tumboni.

Utayarishaji wake una mambo yake. Mti uchumwe mbali na barabara, majaa na mashamba yanayopigwa dawa za wadudu, uoshwe kwa maji safi, na uchemshwe kwa maji yaliyo salama. Dawa iliyochemshwa isikae zaidi ya siku moja nje ya friji. Tumieni kijiko na kikombe kile kile kila siku, na andikeni jina na tarehe juu ya chupa, kwa sababu mzee mwenye macho hafifu hawezi kuitofautisha chupa ya kunywa na chupa ya kuchua.

Hatua ya sita: tiba za mikono na mwili

Kuchua ni miongoni mwa tiba ninazozipenda zaidi kwa wazee. Kunapunguza maumivu ya misuli kwa muda, kunamsaidia mzee kulala, na mjane aliyekaa siku nzima peke yake anahitaji kuguswa na mtu anayempenda. Tumieni mafuta ya nazi, pasheni mikono moto, na mchue polepole kwa kiganja kizima, kwa dakika 10 au 15. Ngozi ya mzee ni nyembamba na mifupa yake huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo kubinya kwa vidole gumba, kukandamiza uti wa mgongo na kuvuta shingo mpaka ilie havifai. Mafuta ya karafuu, pamoja na yale yanayokamuliwa kutokana na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, huunguza ngozi yakipakwa matupu; matone machache yachanganywe na vijiko viwili vya mafuta ya nazi, yasipakwe penye kidonda, na yasinyweke. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, usichuliwe kabisa. Huenda ni damu iliyoganda, na kuichua kunaweza kuipeleka mapafuni. Vivyo hivyo nyonga inayouma baada ya kuanguka ipigwe picha kabla haijaguswa na mchuaji.

Madaktari wa Kichina wamekuwa wakifanya kazi katika hospitali za Zanzibar tangu mwaka 1964, na kupitia kwao sindano za Kichina si kitu kigeni kwetu. Utafiti unaonesha kwamba zinaweza kupunguza kwa kiasi maumivu sugu ya magoti na mgongo, na zikifanywa na mjuzi kwa sindano mpya madhara yake ni madogo. Kwa mzee ambaye tumbo lake halistahimili vidonge vya maumivu, ni vyema kuulizia.

Kupiga chuku, au hijama, kunahitaji masharti. Asipigwe chuku ya kutoa damu mzee mwenye upungufu wa damu, anayetumia warfarini, mwenye presha inayoshuka anaposimama, au mwenye kisukari ambaye vidonda vyake huchelewa kupona. Anayefaa afanyiwe na mtu anayevaa glavu, anayefungua wembe mpya mbele yenu na kutumia vikombe visivyotumika kwa mwingine, kwa kuwa homa ya ini aina ya B na Ukimwi huambukizwa kwa wembe wa kuchangia. Masharti ya wembe ni yale yale kwa chale.

Kujifukiza kwa majani ya moto ndani ya shuka kumewaunguza wazee wengi. Sufuria ikae juu ya sakafu mbali na miguu, mzee akae kwenye kiti kilicho imara, mtu mzima awe naye muda wote, na mwenye pumu au moyo asifukizwe. Mwenye kisukari asitie miguu katika maji ya dawa kabla mtu mwingine hajayapima kwa kiwiko, kwa sababu ganzi ya miguu humfanya aungue bila kuhisi.

Mazoezi nayo ni tiba. Programu nzuri za mazoezi ya kujiweka sawa na kuimarisha miguu zimepunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Kuinuka kitini mara 10 bila kutumia mikono, kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika nguzo ya baraza, na kutembea hadi msikitini au kwa jirani kila siku ni mwanzo mzuri.

Hatua ya saba: kisomo, kombe na maradhi ya akili

Kisomo na dua havigongani na dawa yoyote, na kwa Mwislamu mwenye maradhi ya kudumu ni nguzo yake ya subira. Kombe, yaani aya zinazoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa, liandikwe kwa zafarani au rangi ya chakula, lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, katika chombo safi. Wino wa kalamu usitumike.

Panapohitajika umakini ni pale ambapo mabadiliko ya akili ya mzee yanachukuliwa moja kwa moja kuwa ni jini au uchawi. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi na leo anaweweseka, anaona watu wasiokuwepo au hajui alipo, kwa kawaida ana maradhi ya mwili yanayotibika: maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, sukari kushuka, au dawa mpya. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo, na maalim anaweza kumsomea njiani. Usahaulifu unaoongezeka kwa miezi na miaka mara nyingi ni maradhi ya ubongo, na mzee mwenye nayo haponi kwa kupigwa, kufungwa au kufukizwa moshi mkali. Anahitaji ratiba isiyobadilika, mwanga usiku, watu wanaomwita kwa jina, na mlango wa kisimani uliofungwa.

Hatua ya nane: kabla ya Ramadhani

Mwezi mmoja au miwili kabla, mzee anayetumia insulini, glibenklamidi, furosemidi au dawa za moyo amwone daktari, ili ajulikane kama anaweza kufunga na dawa zake zigawanywe vipi kati ya futari na daku. Asivihamishe vidonge vya mchana kwa kuvimeza vyote pamoja wakati wa kufuturu. Habasoda, uwatu au sanamaki visinyweke daku, maana athari yake itamfika mchana akiwa hana maji wala chakula. Mzee aliyeshauriwa kutofunga mara nyingi huumia moyoni, hivyo mumwombe imamu au maalim anayemheshimu azungumze naye juu ya ruhusa ya mgonjwa na fidya. Neno lake litamtuliza kuliko la daktari.

Hatua ya tisa: mambo yasiyosubiri dawa ya nyumbani

Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, au maneno kutoeleweka ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine. Msimchue, msimwite kwanza mtaalamu wa upepo mbaya, na msimpe cha kunywa, si maji wala kombe, kwa sababu koo lake linaweza kuwa limepooza na kinywaji kikaingia mapafuni. Andikeni saa dalili zilipoanza na mwende hospitali, kwa walio Unguja Mnazi Mmoja au Lumumba, na kwa walio Pemba Abdulla Mzee iliyopo Mkoani, Chake Chake au Wete, ile iliyo karibu zaidi. Haraka hiyo hiyo inahitajika kwa maumivu ya kifua yanayobana, kupumua kwa shida, choo cheusi kama lami au kutapika damu, macho kuwa ya njano, mkojo kukatika, kidonda cha mguu kinachonuka kwa mwenye kisukari, na kuanguka na kugonga kichwa kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande.

Hatua ya kumi: pitieni daftari kila baada ya miezi mitatu

Kaeni tena na mzee, mtoe kilichoisha, mwandike kilichoongezeka, na mumuulize kila dawa imemsaidia nini. Isiyo na jibu ipelekwe kwa aliyeitoa ili aamue kama iendelee. Ikipangwa operesheni yoyote, hata ya mtoto wa jicho au ya kung'oa jino, mwonesheni daktari daftari mapema, na dawa za tangawizi, kitunguu thomu, manjano na habasoda zisimamishwe wiki mbili kabla. Vidonge vya warfarini au aspirini visiachwe kwa uamuzi wa familia. Daktari ndiye atakayesema. Daftari likae mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, na nakala yake iliyopigwa picha iwe katika simu ya watoto wawili angalau, kwa sababu siku mzee atakapozidiwa usiku, anayempeleka hospitali huenda asiwe yule anayemhudumia kila siku.